Mauaji ya Unguja kwa shilingi 9,000

Duka lenyewe sitalitaja. Lipo uchochoroni Mji Mkongwe, na kila anayenunua vitabu vikongwe mjini analijua. Bidhaa yake ni vitabu ambavyo wageni huviacha hotelini likizo ikisha: vimevimba kwa maji ya bahari, vinanuka mafuta ya kujikinga jua, na ukivikung'uta vinamwaga mchanga. Nilikwenda kumtafutia mjukuu wangu kamusi. Nikatoka na Death in Zanzibar ya M. M. Kaye, jalada jepesi, bei ya kuanzia 15,000, bei tuliyokubaliana 9,000.

Muuzaji ni kijana ambaye kama sikumsomesha yeye basi nilimsomesha kaka yake. "Mwalimu, hichi kinatafutwa sana," aliniambia. "Kinazungumza habari za kwetu. Na ukishakisoma, ukinirejeshea, nakupa nusu ya pesa yako." Nikaona biashara nzuri. Hiyo nusu tutafika kwake.

Kabla ya yote niseme hiki kitabu nimekisomaje, maana ndiyo sababu ya kuandika. Baba yangu ana miaka 88. Macho hayamsaidii tena, lakini masikio ni ya paka, na akili ndiyo hiyo hiyo iliyotupigisha hesabu za duka udogoni. Miaka ya 50, kabla hajaoa, alikuwa boi katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kiingereza pale Vuga. "Boi" ndilo neno la siku zile, na yeye mwenyewe alikuwa akilitumia bila kinyongo, mpaka siku aliponisikia nikimweleza mwanafunzi wangu kwamba asili yake ni neno la Kiingereza la kumwitia mtoto wa kiume. Tokea siku hiyo husema "nilipokuwa kwa Bwana Mkubwa".

Basi kila siku baada ya sala ya alasiri, barazani kwetu Kikwajuni, yeye na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi, mie na miwani yangu, nilimsomea kurasa 15 au 20, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni. Tulimaliza kwa siku 17. Siku mbili zilikatika, moja kwa mazishi ya jirani na moja kwa mvua. Kwa hiyo hukumu zilizomo humu ni za watu wawili, na kali zaidi si zangu.

Hadithi yenyewe haina kona nyingi mwanzoni. Msichana wa Kiingereza, Dany Ashton, amealikwa na mama yake na baba yake wa kambo, mwandishi maarufu anayeitwa Tyson Frost, aje akae nao Zanzibar katika nyumba ya zamani ya pwani. Njiani apitie kwa wakili mmoja mzee, achukue bahasha. Anaichukua. Nyuma yake wakili anauawa. Dany anarudi hotelini London anakuta chumba kimepekuliwa, pasipoti haionekani, na dalili zote zinamwelekea yeye. Anayemwokoa ni Mmarekani, Lash Holden, mchapishaji wa vitabu, ambaye kwa bahati ana tiketi ya katibu wake anayeumwa. Dany anavaa jina la katibu huyo, anapanda ndege, na muuaji yumo humo humo ndani ya ndege.

Tatizo ni kwamba Lash huyu tunakutana naye asubuhi akiwa bado amelewa, ameachwa na mchumba usiku uliotangulia. Nilijaribu kulipitisha jambo hilo haraka haraka. Nikasema "alikuwa hajisikii vizuri".

"Ana nini?" Baba akauliza.

"Kichwa."

"Kichwa cha pombe?"

Nikanyamaza.

"Na huyu ndiye atakayemwoa?"

"Sijafika huko, Baba."

"Utafika," akasema, akanywa kahawa yake.

Safari ya ndege ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na hapa namvulia kofia mama huyu. London, Naples, Khartoum, Nairobi, halafu kwetu. Leo mtu analala Ulaya, anaamka juu ya Chumbe, akishuka bado ana usingizi. Zama zile ndege ilikuwa inatua na kuruka kama daladala, watu wanashuka kunyoosha miguu, wanakunywa kitu, wanarudi kukaa. Kwa mwandishi wa mauaji hiyo ni neema tupu: kila kituo watu wanachanganyika, vikombe vinapishana, na mtu mmoja hapandi tena. Abiria wale wale, wakishafika, ndio wanageuka kuwa wageni wa nyumba moja, na mlango unafungwa. Ufundi huo haujachakaa. Mara mbili Baba alinizuia nisifunge kitabu na adhana ya magharibi ilikuwa karibu kuadhiniwa.

Sasa nyumba. Inaitwa Kivulimi, na kitabu kinatufasiria kuwa maana yake ni Nyumba ya Kivuli. Nilisoma jina hilo mara ya kwanza kwa sauti, nikasita, nikalisoma tena.

"Kivulini," Baba akanisahihisha.

"Kimeandikwa Kivulimi. Kwa m."

"Basi wamekosea wapiga chapa."

Nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine. M. Kila mahali m. Hicho si kidole cha mpiga chapa kilichoteleza, ndiyo tahajia ya mwandishi mwenyewe. Baba akalizungusha jina mdomoni kama mtu aliyetafuna kijiwe katika wali. "Kivuli mie? Kivuli cha mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa tangu siku ile: "Angemuuliza mpishi wake tu, angemwambia."

Tokea hapo kila jina hilo lilipotokea, nami nikisoma Kivulini, yeye alikuwa ananichokoza: "Soma kama kilivyoandikwa, Mwalimu."

Mtu anaweza kusema herufi moja ni kitu gani. Kitabu ni cha kusisimua, si cha sarufi. Sawa. Lakini huyu si mwandishi aliyeishi London akachungulia ramani. Mary Margaret Kaye, waliomjua wakimwita Mollie, alizaliwa Simla, India, Agosti 21, 1908. Baba yake, Sir Cecil Kaye, alikuwa mwanajeshi aliyefika kuwa mkuu wa upelelezi wa serikali ya Waingereza huko India, mtu ambaye riziki yake ilikuwa kufungua barua na alama za siri za watu wengine. Binti alikua akisema Kihindustani na watumishi na watoto wa sokoni, na alipopelekwa Uingereza skuli akiwa na miaka kumi, aliona amepelekwa ugenini. Sikio la lugha alikuwa nalo. Sikio hilo lilibaki India. Kwetu alikuja kama mgeni: mumewe, ofisa wa jeshi, alipelekwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na yeye kutoka huko akavuka kuja Unguja.

Nilipomweleza Baba hayo akasema mabibi wa kutoka Nairobi anawakumbuka sana. Walikuwa wakija kupunga upepo, wanakaa kwa Bwana Mkubwa siku nne, tano, wanataka maji ya moto saa kumi na moja alfajiri. Nikamuuliza kama huenda alimpelekea chai mwandishi mwenyewe.

"Huenda."

"Alikuwaje?"

"Mwanangu, wote walikuwa wanafanana."

Maisha ya Bibi Kaye yalimpendeza Baba kuliko hadithi yake, na mie pia, basi niyatie hapa. Alianza kwa brashi, si kwa kalamu: alichora picha na kuandika vitabu vya watoto. Baba yake alipofariki, miaka ya 30, hali ikawa ya kubana. Alikuwa akiazima riwaya za mauaji kwenye maktaba za senti mbili tatu za London, akaona nyingi hazina maana, akajiambia hata yeye anaweza kuandika kama hivi. Kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo, Six Bars at Seven, kikatoka 1940. Kilimpatia pauni 64. Kwa pauni hizo 64 alirudi India kwa dada yake.

"Pauni sitini na nne," Baba akahesabu. Mshahara wake wa Vuga anaukumbuka mpaka leo kwa shilingi na senti, ila amenikataza kuuandika.

Mwaka 1941 Bibi Kaye akakutana na Goff Hamilton, ofisa kijana aliyekuwa mdogo wake kwa miaka minne. Alimposa baada ya siku tano. Tatizo ni kwamba bwana huyo alikuwa na mke tayari, yuko Ireland, na ndoa yao haikufungwa mpaka vita kwisha, 1945. Kwa msomaji wa kwetu hilo la mke wa kwanza si habari ya kuangusha kikombe, lakini Baba alitaka kujua mke wa Ireland alipata chake. Sikuwa na jibu la kumpa. Kisha India ikapata uhuru 1947, Hamilton akahamia jeshi la Uingereza, na familia ikawa ya kufunga na kufungua mizigo: walihama mara 27 katika miaka 19.

"Vyombo vingapi vilivunjika?" Baba akauliza. Alikuwa anauliza kweli, si mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga sahani za Bwana Mkubwa kwa magazeti.

Ila kuhama huko ndiko kulikomlisha. Kila walipopangiwa, yeye alipachukua akapafanyia mauaji. Kashmir, Berlin, Cyprus, Kenya, Zanzibar, Andaman, vitabu sita kwa jumla, kuanzia 1953 hadi 1960. Vilipotoka havikuwa vyote na majina haya ya kufanana. Hiki chetu kilitoka 1959 kikiitwa The House of Shade. Baadaye sana, 1978, akiwa na umri wa kama miaka 70, alitoa The Far Pavilions, riwaya nene ya India iliyouzwa duniani kote na 1984 ikafanywa filamu ya mfululizo ya televisheni. Hapo ndipo wachapishaji walipokumbuka kuwa bibi huyu ana vitabu vya zamani kabatini, wakavitoa tena miaka ya 80 na kuvipa vyote jina la ukoo mmoja: Kifo mahali fulani. Ndiyo maana jalada langu linapiga kelele Zanzibar kwa herufi kubwa. Ni biashara, na imefanya kazi, maana hata mie nilinaswa na neno hilo hilo.

Sasa nirudi kwenye kitabu. Macho ya mchoraji yamo. Mwanga wa asubuhi unavyoingia katika nyumba ya kuta nene, bustani ya ndani, bahari inavyobadilika rangi, harufu ya karafuu hewani, hayo ameyapata, na hakuyapata kwa kukopi. Nilikuwa nikifika hapo natafsiri polepole, na Baba alikuwa ananyamaza, ambayo ndiyo sifa pekee anayoitoa.

Watu ndio taabu. Mzanzibari mwenye siasa kitabuni ni mmoja anayepewa nafasi ya kuonekana njiani, jina lake la mtaani Jembe. Anachorwa kama mchochezi, mtu wa kutiliwa shaka, halafu anauawa kabla hajakanyaga kwao. Nikatazama mwaka wa chapa tena: 1959. Miaka miwili nyuma yake, 1957, watu wa visiwa hivi walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza. Kila baraza, kila kinyozi, kila foleni ya maji ilikuwa siasa. Baba anasema ndugu walikuwa hawahudhuriani mazishi. Kelele zote hizo za nchi kitabu kimezijumlisha ndani ya mtu mmoja, kikamtilia sumu.

Na watumishi wanaingia, wanaweka trei, wanatoka. Hapa ndipo mzee wangu alipokosa subira kabisa. Kila maiti ilipoonekana yeye aliuliza swali lile lile: "Na mpishi alikuwa wapi?" Si kwamba alimshuku. Alitaka aulizwe. "Nyumba kama ile," akaniambia, "hakuna mtu anayeshuka ngazi usiku bila ya mtu wa jikoni kujua. Sisi tulikuwa tunajua nani hakulala kwake. Tunajua nani kalia. Unataka kumjua mwenye jambo moyoni? Tazama sahani inayorudi. Mwenye hofu hukata kata nyama, haili."

Basi ikawa mchezo wetu. Kila walipokaa mezani ananiuliza: "Nani hakula?" Natafuta ukurasa mzima, mwandishi hasemi. Anasema nani alivaa nini, nani alimtazama nani, nani alijimiminia nini. Wa sahani hamna. Baba aliendelea kukisia hivyo hivyo, akamshika mtu siku ya saba, akambadilisha siku ya kumi na moja, na mwisho akakosa. Hakukubali kuwa amekosa. "Hakunipa sahani," akasema. "Ningempata."

Muuaji simtaji. Nitasema tu kuwa dalili zipo, zimewekwa kwa haki, na nilirudi nyuma kuzitafuta nikazikuta. Kwa upande huo hakudanganya msomaji. Mapenzi kati ya Dany na yule mlevi ni ya sukari guru, yangepunguzwa kurasa 30 pasingelia mtu.

Nilipomaliza nilipata hamu ya kitabu chake kingine cha huku, Trade Wind, cha 1963. Hicho sikukinunua, nilikiazima kwa mwalimu mwenzangu mstaafu, na nilikisoma peke yangu chumbani. Baba sikumsomea. Sababu ni hii. Hadithi ni ya mwaka 1859. Msichana wa Boston anakuja Unguja akitaka kupiga vita utumwa, na anakutana na nahodha wa Kiingereza, Rory Frost, ambaye ndiye anayewauza. Huyu Frost ndiye babu wa mambo yote ya Kivulimi. Ukoo ule ule. Kuna mahali anamchukua msichana yule kwa nguvu, na kitabu kinaendelea mbele kana kwamba huo ni mlango wa mapenzi. Mtoto hamsomei mzazi wake jambo kama hilo, hata kama wote wawili ni wazee.

Historia ameisoma, siwezi kumnyima. Sayyid Majid yumo, na ndugu yake Barghash aliyetaka kumpindua mwaka ule ule wa 1859, na Bibi Salme aliyekuja kutorokea Ulaya na kuitwa Emily Ruete. Kama mwalimu ningemtia alama nzuri kwa kazi ya maktaba.

Lakini bibi yangu, mama yake Baba, alipokuwa akitusimulia juu ya bibi yake yeye, alikuwa na neno moja tu: aliletwa. Aliletwa Unguja. Ukimuuliza aliletwa na nani, anakutuma dukani. Ukimuuliza kutoka wapi, anasema bara. Kwetu hapa utumwa unasemwa hivyo, kwa kitendo kisicho na mtendaji, maana mtendaji anaweza kuwa babu yake mtu uliyekaa naye baraza moja. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake, na wageni hushuka kuvitazama vile vyumba vya chini na kutoka wakiwa kimya. Sisi tunapita nje na vikapu vyetu. Bibi Kaye amefanya ambalo bibi yangu hakuthubutu: amempa jina aliyeleta. Kamwita Rory. Halafu kampa nywele nzuri na ucheshi, na mwisho kampa na bibi harusi. Nilikifunga kitabu hicho nikakirudisha kwa mwenyewe siku ya pili, na nilipoulizwa kimekuwaje nilisema kirefu.

Kuna kitu kimoja zaidi, nacho ni cha kuchekesha ukikitazama tarehe. Wakati Bibi Kaye anaandika mauaji yake ya Zanzibar kwa Kiingereza, palikuwa na mtu wa Makunduchi, Muhammed Said Abdulla, aliyekuwa mkaguzi wa afya na kisha mhariri wa gazeti, anaandika mauaji yake ya Zanzibar kwa Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la 1957–58, ukachapishwa 1960. Mwaka mmoja tu baada ya The House of Shade! Maiti mzimuni, uvumi mji mzima, na Bwana Msa, mpelelezi wake, na kiko chake anasikiliza, anauliza, anasikiliza tena. Huyo hajui kumdharau mtumishi wala mkulima. Akiona mtu wa kawaida anamwona shahidi. Nimewasomesha Bwana Msa watoto wa miaka mingi na sikuwahi kufikiri kuwa siku zile zile, labda mtaa wa pili, mgeni naye alikuwa anatafuta mahali pa kulaza maiti wake. Hakika wangepishana Darajani wasingetambuana.

Ushauri wangu wa kununua: Death in Zanzibar kinasomeka. Kwa kijana anayejinoa Kiingereza ni kizuri kuliko vitabu vingi, lugha yake ni safi na inakimbia. Kwa anayefanya kazi ya kutembeza watalii ni karibu lazima, maana wageni watakuuliza Kivulimi iko wapi, na itabidi ujue kuwa haipo. Ukikisoma, kaa na mtu mzima karibu. Trade Wind mpe mtu unayemjua vizuri, au usimpe.

Nakala yangu yenyewe ni mbovu. Gundi ya mgongoni imekauka, na kuanzia sura za katikati kurasa zilikuwa zinatoka moja moja kama majani ya mkungu. Maandishi ni madogo. Nilibadilisha miwani mara mbili nikidhani ni macho. Juu ya hayo muuzaji aliitia plastiki ili ionekane mpya, na plastiki ndiyo iliyokuwa inashikilia kila kitu.

Nikairudisha, kurasa zote zimo, nimezipanga kwa nambari na kuzifunga uzi. Kijana akaitazama, akasema, "Mwalimu, hichi kimekufa. Nusu siwezi."

"Kilikuwa kimekufa uliponiuzia."

"Kilikuwa na plastiki."

Tulibishana mpaka fundi saa wa jirani akaja kusikiliza. Mwisho akanipa 2,000, na kitabu nibaki nacho. Kwa huduma, basi, duka hilo simsifii mtu. Kwa bidhaa, ukipekua vizuri utapata.

Nilimweleza Baba usiku ule, na jinsi Bibi Kaye alivyomalizikia: alifariki Januari 2004 kwao Uingereza akiwa na miaka 95, na miaka miwili baadaye majivu yake yakapelekwa India, yakamwagwa katika ziwa la Pichola, Udaipur. Kwenye majivu Baba alisema astaghfirullah. Akakaa. Kisha akasema, "Lakini alirudi kwao."

"Kwao Uingereza, Baba."

"Hapana. Kwao ni pale alipojua kuuliza jina."

Pale dukani, rafu ya chini, nimekiona cha Kenya. Bei 12,000, mgongo mzima. Nimemwambia Baba, amesema nisivuke saba, nikague gundi kwanza, na nimtazamie mapema kama mna mpishi.